Bei Ilipita Masikioni Mwangu

Mwaka 1973 nilipoajiriwa kuwa opereta wa simu mjini Arusha, makao makuu ya mwajiri wangu yalikuwa Kampala, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilikaa huko. La Reli na la Ndege yalikuwa Nairobi, la Bandari lilikuwa Dar es Salaam, na sisi Arusha tulipewa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, yale majengo makubwa ambayo leo mnayaita AICC. Binti wa Akheri aliyezoea kushuka Tengeru kwa miguu siku za soko alisomea kazi yake Nairobi na kulipwa kwa idhini ya Kampala. Juu kabisa mambo yalikuwa yameshaharibika: tangu Idi Amin apindue serikali ya Uganda mwaka 1971, marais wetu watatu hawakukaa tena meza moja. Lakini huku chini simu zilipita, treni zilipita, na barua ya kwenda Kisumu ilibandikwa stempu ileile ya barua ya kwenda Usa River.

Nieleze kazi yenyewe, maana wajukuu wangu wanadhani opereta ni ile sauti inayokwambia salio halitoshi.

Tulikaa kwenye viti virefu mbele ya ubao wenye matundu safu kwa safu. Kila tundu lilikuwa la mteja fulani au laini ya mji fulani. Mezani palisimama kamba mbilimbili zenye vichwa vya shaba. Taa ya mteja ikiwaka, unachomeka kamba ya kwanza, unamuuliza anataka wapi, unaandika kwenye tiketi: jina, namba, saa. Kamba ya pili unaichomeka kwenye laini ya Moshi, au ya Nairobi, na kumwita mwenzako wa upande ule. Mwenzangu wa Nairobi nilimjua kwa sauti, kikohozi chake na namna alivyoanza zamu kwa kuuliza, “Dada, huko mlima unaonekana leo?” Sura yake sikupata kuiona. Aliyetaka London alisubiri. Simu ilitoka kwetu ikaenda Nairobi, Nairobi ikaipeleka kwenye kituo cha setilaiti cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilichofunguliwa mwaka 1970, ndipo ikapaa. Mfanyabiashara aliyeagiza simu asubuhi aliweza kunywa chai, akala chakula cha mchana, akarudi kukaa kwenye benchi. Akipata, analipia dakika tatu kwanza. Zikiisha, unaingia katikati ya maneno yake: “Dakika tatu zimetimia, unaendelea?” Nimewakatiza watu wakiwa katikati ya kilio na katikati ya tusi.

Opereta hana budi kusikiliza kidogo, ajue kama laini imekamata. Ndiyo sababu tulikula kiapo cha siri. Tulijua nani anadaiwa, nani anataka kuuza lori, nani amefiwa kabla mwenye msiba hajaambiwa. Kisha unavua hedifoni, unashuka mtaani, unakutana na mtu huyohuyo anacheka na muuza magazeti, unamwamkia kama hujui kitu.

Nimeishi na kiapo hicho vizuri tu, isipokuwa Julai ya 1975.

Lazima kwanza niseme kahawa ya mama yangu ilikwenda wapi. Kihamba chetu Akheri kilikuwa kama vya Wameru wengi: migomba juu, mikahawa chini yake, mfereji ukipita pembeni. Mbivu tulichuma kwa mkono, tukazimenya jioni ileile kwa mashine ya kuzungusha, tukaziloweka, tukaziosha mferejini, tukazianika kwenye vichanja. Maganda yake yakishakauka yalialika ukiyabana kwa kidole, hapo mama anajua ziko tayari. Zikabebwa kichwani mpaka chama cha msingi. Karani akapima, akampa mama stakabadhi na malipo ya kwanza, ambayo yalikuwa yamepangwa kabla msimu haujaanza. Kuanzia hapo kahawa haikuwa tena na jina la mama. Lori liliipeleka Moshi kukobolewa kwenye kiwanda kikubwa kilichokuwepo tangu 1920, ikapangwa madaraja, ikanadiwa hapohapo Moshi mbele ya wanunuzi wenye maagizo ya Hamburg na London mfukoni. Ikashuka kwa reli. Pale Kahe njia ziligawanyika: moja ya kwenda Tanga, ile ya Wajerumani, na nyingine ya kwenda Voi na Mombasa, ambayo Waingereza waliijenga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili wapigane na hao Wajerumani. Malipo ya pili yalirudi baada ya miezi mingi, mnada ukishahesabiwa na kila mwenye mkono akishachukua chake. Mama aliyaita “ile pesa ya mwakani”.

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 18 Julai 1975, baridi kali iliangukia jimbo la Paraná, kusini mwa Brazili. Sisi huku baridi ya kugandisha tunaiona kileleni tu, asubuhi, jua likitoka inakwisha. Kule iliingia mashambani. Maji ya ndani ya majani yaligandishwa, na jua lilipochomoza majani yakawa meusi, mti baada ya mti, kilima baada ya kilima. Brazili ilipoteza zaidi ya nusu ya mikahawa yake, na Paraná msimu uliofuata karibu haikuvuna kitu.

Jumatatu yake nilikuwa zamu ya asubuhi. Kabla ya saa nne laini ya Moshi ilikuwa imejaa. Ya Nairobi imejaa. Wateja ambao kwa kawaida hupiga mara moja kwa wiki waliagiza simu mbili, wakataka ya haraka, wakakubali kulipa bei ya haraka bila kuuliza. Mwenzangu wa Nairobi hakuuliza habari za mlima. Nikaunganisha, nikasikiliza kidogo kama ilivyo kazi, nikasikia mtu anasema kwa Kiingereza kwamba Brazili imeungua kwa baridi. Nilidhani nimesikia vibaya. Baridi inaunguzaje? Simu ya pili, neno lilelile. Ya tatu, sauti ya mtu ninayemfahamu, mnunuzi, tulivu kabisa, akimwambia mwenzake wa Moshi asiuze alichonacho, asiuze hata gunia, na asiseme.

Jioni nikapanda Akheri. Mama alikuwa anaosha kahawa. Akaniambia wanasema malipo ya kwanza mwaka huu ni madogo, anafikiria kumwuzia jirani sehemu ya kahawa yake kwa fedha taslimu ili alipe karo ya mdogo wangu. Nikanyamaza. Kisha nikamwambia, “Mama, karo nitalipa mimi. Kahawa usimwuzie mtu.” Akanitazama sana. Hakuniuliza kwa nini. Alikuwa mke wa mtu aliyeficha mambo makubwa kuliko hayo.

Maana baba yangu alikuwa miongoni mwa waliochanga shilingi mwaka 1952 kumpeleka Kirilo Japhet New York. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilikuwa imewatoa Wameru kwa nguvu Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi ikatengwa kwa walowezi. Wazee wakatafuta wakili, Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakamtuma kijana wao mpaka Umoja wa Mataifa. Azimio la kutaka ardhi irudi halikupata kura za kutosha. Baba alisema kitu kimoja tu kuhusu safari ile: kwamba tangu siku hiyo hakuna bwana shauri aliyemwambia tena kuwa Meru ni mbali. Ninawacheka kidogo wanaoandika kwamba utandawazi umetufikia na kompyuta. Watu wa mlimani walikuwa wameshalipa nauli ya New York kabla sijajifunza kutembea.

Bei ikapanda polepole, kisha kwa kasi. Kwenye soko la New York, ratili ya kahawa iliyokuwa chini ya senti 70 za Marekani katikati ya 1975 ilipita dola 3 mwaka 1977. Lakini tazama yaliyotokea kati ya New York na kihamba cha mama. Mei 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika. Chama chetu, kilichojengwa kwa makato ya wazee, kikafungwa, na kahawa ikapitia kijijini kwenda kwenye mamlaka ya serikali. Kodi ya kusafirisha nje ilipanda pamoja na bei. Mama alipata zaidi ya zamani, siwezi kukana. Bati za nyumba yetu ni za mwaka ule, na bado zipo. Ila mkulima wa Kenya, ng'ambo ya mpaka, alibaki na sehemu kubwa zaidi ya ile bei ya mnada, na wanaume wa huku walilijua hilo. Walijuaje? Kwa simu zetu, kwa madereva, kwa wachunga ng'ombe wa Namanga. Basi usiku kahawa ikaanza kutembea njia ambazo hazina karani.

Halafu mpaka ukafungwa. Ilikuwa mwanzoni mwa Februari 1977, wiki ileile vyama vya TANU na ASP vilipoungana kuwa CCM, kwa hiyo mjini palikuwa na ngoma na bendera huku ndege za Shirika la Afrika Mashariki zikiwa zimeshakwama Nairobi. Pale makao makuu nilikuwa na marafiki, makarani Wakenya na Waganda waliopanga nyumba Kaloleni na Themi, watoto wao wakisoma na watoto wetu. Waliondoka na masanduku, majokofu, na mafaili mengine ambayo sidhani yalikuwa yao. Korido za yale majengo zikawa tupu. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekufa rasmi, na nami nikajikuta mtumishi wa shirika jipya la Tanzania, kiti kilekile, ubao uleule, barua yenye nembo nyingine. Simu za ng'ambo tukazipeleka Dar es Salaam. Ile njia ya reli ya Voi haikubeba tena mzigo wetu. Nikichomeka laini ya Nairobi, ambayo sasa ilikuwa na kazi kidogo sana, mwenzangu alijibu kwa adabu ya ofisi, kila upande ukijua kuna mkubwa anasikiliza.

Miaka iliyofuata sina hamu ya kuieleza sana. Vita ya Kagera, mafuta yakawa ghali, sabuni ikapotea, sukari kwa foleni. Nairobi ilikuwa saa chache kwa gari kutoka Mnara wa Saa wa Arusha, na mche wa sabuni wa Kenya ulikuwa kosa la jinai. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine, mtu wa Monduli, alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa mtoni usiku. Nilimwona mama mmoja mtu mzima analia kwa ajili ya doti za khanga alizozitumbukiza mto Themi kwa mkono wake mwenyewe.

Novemba ya mwaka huohuo marais Nyerere, Moi na Obote walikutana hapa Arusha, wakakubaliana mpaka ufunguliwe. Usiku ule sikulala. Waandishi wa habari walijazana kwetu, kila mmoja akitaka laini kabla ya mwenzake, wengine wakinipa sigara ambazo sivuti. Niliunganisha Nairobi mara nyingi kuliko mwezi mzima uliotangulia. Aliyejibu kule alikuwa kijana wa kiume. Nikamuuliza yule dada yuko wapi, akasema alistaafu.

Mpaka ukafunguka, lakini kahawa ilikuwa na shimo jingine mbele yake, na shimo hilo lilichimbwa London. Nchi zinazolima na zinazokunywa zilikuwa zimekubaliana tangu miaka ya 60 kugawana kiasi cha kuuza, ili bei isianguke. Julai 1989 mapatano hayo yakavunjika, kila nchi ikamwaga kahawa yake sokoni, bei ikakatika nusu ndani ya miezi michache. Safari hii nilisikia kwenye redio kama kila mtu, maana simu nyingi zilikuwa zinajiunganisha zenyewe na maopereta tulikuwa tunapunguzwa. Mama alisikia siku ileile niliyosikia mimi. Haikumsaidia kitu. Kujua mapema kunamfaa mwenye ghala. Mwenye mbivu mtini, zinazoiva zikisubiri mkono, anajua na bado anachuma. Jirani zetu waliacha mikahawa izeeke, wakapanda nyanya na karoti, wakafuga ng'ombe wa maziwa wa ndani.

Nilistaafu miaka ya 90, wakati yale majengo ya Jumuiya yalipopata wapangaji wapya. Umoja wa Mataifa ulileta hapa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na tarehe 2 Septemba 1998 hukumu ya Akayesu, meya wa zamani wa Taba, ilitangazwa kutoka korido zilezile nilizoziona tupu. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mjini watu walizungumzia zaidi kodi za nyumba. Mwenye vyumba viwili Njiro alitaka alipwe kwa dola.

Maua nayo yakaja. Baadhi ya mashamba makubwa ya Usa River na Tengeru yalifunikwa kwa nailoni, na mpwa wangu akapata kazi ya kukata waridi alfajiri. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi bidhaa moja inavyoweza kuwa karibu na nyingine ikawa mbali, zote zikitoka udongo mmoja. Waridi lake lilitiwa kwenye baridi, likapandishwa ndege KIA au likapelekwa kwa lori mpaka Nairobi, likafika Aalsmeer, Uholanzi, kwenye mnada ambao saa yake inaanza na bei ya juu na kushuka, anayebonyeza wa kwanza ndiye amenunua. Sekunde chache, bei imejulikana. Kahawa ya shangazi yake, ambayo haiozi, ilisubiri bei yake miezi. Lakini mshahara wa mpwa wangu haukupanda na kushuka na ile saa. Ulibaki palepale.

Simu za mkononi zilipoanza, Akheri palikuwa na jiwe moja la kusimama ili upate mtandao, na pale palikuwa na foleni kama ya benchi letu la posta, tofauti ni kwamba watu walisema siri zao kwa sauti kubwa bila kiapo cha mtu. Mnara ulipojengwa jiwe likasahaulika. Wanawake wa nyanya walifaidi kwanza kuliko wote. Zamani mnunuzi wa Nairobi alifika Tengeru Jumamosi akasema soko la kwao limeshuka, na nani angembishia? Sasa mama mwenye matenga yake anampigia binti wa jirani anayeishi Nairobi, anauliza, anakata simu, anarudi kwa mnunuzi na bei yake. Fedha nazo zikaanza kutumwa kwa simu mwaka 2008. Mnunuzi analipa kabla lori halijawashwa. Nimekaa sokoni kwa makusudi kuwatazama, na ninasema wazi kwamba katika yote niliyoyaona tangu kamba za shaba, hilo ndilo lililobadilisha sauti ya mwanamke mbele ya mwenye gari.

Kahawa haijafika huko. Mama hayupo tena, kihamba ni changu, na bei ya dunia imepanda juu miaka hii, mjukuu wangu ananisomea ya New York kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Hivi karibuni alikuja kijana kutoka chama cha msingi, siku hizi tunaita AMCOS, ameshika simu, akaomba azunguke shamba. Alisimama kila kona, akabonyeza. Nikamuuliza anapima ili nini. Akaniambia kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023: kahawa isitoke penye msitu uliokatwa baada ya Desemba 2020, kwa hiyo kila shamba lazima lijulikane lilipo. Kanuni yenyewe imeahirishwa, lakini wanunuzi wanataka tujiandae.

“Kwa hiyo, bibi, mnunuzi akiwa kwao atakiona kihamba chako hiki kwenye setilaiti.”

“Na mimi nitaona nini?”

Akatazama simu yake. “Hii programu haina sehemu hiyo, bibi.”

Kesho yake nilishuka ofisini kwao. Katibu ni kijana mwenye heshima, akanipa kiti. Nikamwomba anionyeshe kahawa yetu ya msimu uliopita iliuzwa bei gani kwenye mnada wa Moshi. Alikuwa nayo, tena kwenye simu: namba ya fungu, kilo, dola kwa gunia la kilo 50. Nikavaa miwani, nikaomba karatasi, tukaanza kutoa makato mstari kwa mstari mpaka tufike kwenye shilingi nilizopokea: kukoboa, ushuru wa halmashauri, gharama za chama, magunia. Tumekubaliana yote isipokuwa usafiri. Nimemwambia nauli ya lori mpaka Moshi ninaifahamu, akaniahidi kuleta risiti Jumatano.